Fundi Huvaa Kwanza

1

Nakijwa Mrutu aliingia karakanani kwangu Jumatano asubuhi, akalisalimia koti.

"Habari za asubuhi, fundi," aliliambia, kwa heshima zote.

"Niko huku, mama Elinami. Hilo ni koti langu."

"Basi lina masikio kuliko wewe. Nimepiga hodi mara tatu," akajibu, akaifuata sauti yangu huku mkono mmoja ukipapasa hewa.

Nilimkalisha kwenye kiti cha kupimia. Nilimjua kwa sifa. Mji wa Same mzima ulimjua. Miaka tisa alikuwa mlinzi wa kebo, zamani hizo kebo ikishusha tangawizi tu kutoka milimani. Kisha macho yake yakaanza kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, wakamtoa dirishani, akaishia kwenye ghala la tangawizi akichambua mizizi kwa vidole. Miaka saba.

"Jumanne wananipima upya," alisema. "Nafasi ni moja. Kebo inaanza kubeba watu, fundi! Wajawazito wa kule juu hawatashushwa tena kwa machela. Na sheria inataka jicho la mtu dirishani, siyo mashine peke yake."

Sheria hiyo ilitungwa baada ya ajali ya mkoa mwingine, ambako mashine ilitazama waya uliochakaa ndani ya ukungu ikasema salama. Tangu hapo kila kebo nchini lazima iwe na binadamu aliyekaa mbele ya dirisha dogo, akiangalia waya unavyopita, shiba yake na njaa yake, ulipo mnene na ulipokonda. Akiona kosa, anavuta breki, na hakuna bosi wa kumuuliza.

Nilimpima. Hasi tisa, macho yote mawili. Nikapiga mluzi.

"Usinipigie mluzi, mimi si mbwa. Niambie utanivalisha nini."

Nikatandika kitambaa cheusi mezani, nikapanga lenzi nne. Hapa ndipo ninapoipenda kazi yangu hadi mikono inawasha! Watu hudhani miwani ni fremu. Fremu ni shati tu. Lenzi ndiyo mwili. Nikampa ya kwanza mkononi, naye akaigonga kwa ukucha kabla sijamwambia. Ikalia *ting*.

"Kioo," akasema.

"Kioo chenyewe. Hakichubuki ovyo na hakidanganyi. Lakini kwa namba yako kitakuelemea mpaka pua iote sugu. Na siku waya ukirusha kipande, kikivunjika kitakuingia jichoni."

Ya pili ilitoa sauti ya mbao. "Plastiki," akasema.

"Ya kawaida. Nyepesi, inaonyesha vizuri, ila kwako pembeni itakuwa nene kama kipande cha muhogo, na vumbi la Same litaikwaruza kabla ya Pasaka."

Ya tatu ilikuwa polikaboneti, wanayovaa wachonga mawe na watoto watundu. Ukiipiga nyundo, nyundo ndiyo itakayokuomba radhi. Lakini mwanga ukipita pembeni mwake hupasuka rangi. Kwa namba kubwa kama yake, kila waya ungevaa pindo la bluu upande huu na la manjano upande ule, na ufa mdogo ungejificha humo humo. Ya nne, plastiki nyembamba ya wenye namba kubwa, ilikuwa na ugonjwa ule ule, tofauti ilikuwa urembo.

Nakijwa alizisukuma zote nne mbele yangu. "Yaani umenitandikia vitu vinne ili uniambie vyote havinifai."

"Ndivyo fundi mkweli anavyofanya."

"Hakuna cha tano?"

Jamani! Nilikuwa nimengoja miezi mitano mtu aniulize swali hilo.

"Kipo," nikasema. "Kinaitwa utomvu."

2

Pakiti ilifika Alhamisi asubuhi, jozi moja, ya kwanza kuingia wilaya yetu. Utomvu hautengenezwi, unakuzwa. Maabara huulea kwenye mabeseni kama watu wanavyolea chachu. Hufika hauna namba yoyote. Kati ya ngozi mbili ngumu zisizovunjika kuna ute ulio hai, na ute huo hulifuata jicho: jicho likijikaza, unanenepa au kukonda mpaka litulie. Kitu ambacho jicho linakitafuta sana, ute hukifungulia mwanga. Kile ambacho jicho halikijali, hukipunguzia. Siku tatu za mwanzo hujifunza, kisha hushika tabia.

Ndani ya pakiti kulikuwa na karatasi. *Lenzi hii ivaliwe kwanza na mteja. Asiivae mtu mwingine, hata kwa dakika moja.*

Niliisoma. Sitajifanya sikuisoma.

Lakini katika karakana aliyoiacha baba yangu, Senzota, kuna sheria iliyozaliwa kabla ya karatasi ile. Baba yangu aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja lenzi iliyopinda kidogo, kosa lisiloonekana kwa macho. Mwalimu akashuka ngazi za kanisa, akakanyaga ngazi ambayo haikuwepo, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo mzee aliandika ukutani kwa mkono wake: FUNDI HUVAA KWANZA. Lenzi ya kawaida tunaivaa dakika chache, tukitazama fremu ya mlango kama imenyooka. Lenzi ya aina mpya, siku tatu kamili. Usimpe mtu kitu ambacho hukukitia kwenye macho yako mwenyewe. Baba alikufa nayo sheria hiyo, na mimi nimekula nayo.

Sisi Wapare tunasifiwa kwa ubishi. Nikabishana na karatasi, nikaishinda.

Nilivaa. Kwanza nikaona dunia kama iko chini ya maji, kisha, kufika jioni, loo! Macho yangu yamefanya kazi ya kutafuta makosa miaka thelathini na tano, na utomvu ule ulilijua hilo upesi kuliko mke wangu. Ufa kwenye sikio la kikombe uliniita kwa jina. Mkwaruzo kwenye kioo cha saa ya jirani niliuona kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani kama mwendawazimu.

Jumamosi mimi sifanyi kazi, ni Msabato, lakini kuvaa si kazi. Mke wangu Nanzia alinichagulia tai, kama anavyonichagulia kila Sabato, nikaenda kanisani nimezivaa, nikahesabu nyufa za madirisha yote wakati wa mahubiri. Mungu anisamehe, nilifurahi kupita kiasi.

Jumapili asubuhi nilimkabidhi Nakijwa. "Nimezijaribu mwenyewe," nikamwambia, nikijivuna.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema.

Usiku ulikuwa haujaingia akanipigia simu, akipiga kelele hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Fundi! Nasoma namba za vigari vya kebo nikiwa uani kwangu! Namuona mbuzi wa mchungaji kule juu, na pembe moja imekatika ncha!"

3

Jumanne saa sita mchana mlango wangu ulifunguliwa kwa kishindo. Nakijwa alikuwa mbele na sufuria ya makande kichwani, nyuma yake Bwana Kajiru, mkuu wa kituo cha chini, mtu mnene mwenye haya.

"Amepita!" alisema Bwana Kajiru. "Amepita na kuzidi. Fundi Mbonea, wahandisi walitazama kebo ile wiki mbili na vyombo vyao. Huyu mama amekaa dirishani dakika ishirini, akasema mita ya elfu moja mia moja na arobaini kuna mkwaruzo. Wakabisha. Wakasimamisha kebo, wakaenda na lenzi ya mkononi. Upo! Mwembamba kama unywele!"

Niliruka, kweli niliruka, nikagonga kichwa kwenye taa. Tukapeana mikono, sisi watatu, ovyo ovyo.

"Na kebo itatembea hivyo hivyo?" nikauliza.

"Mkwaruzo ni wa ngozi ya nje. Ndani kuna uzi mwekundu uliosukwa katikati ya nyaya. Ngozi ikipasuka, uzi unachungulia. Usipochungulia, tunatembea. Ukichungulia tu, mama anavuta breki." Alimpigapiga Nakijwa begani taratibu. "Saa kumi watu wanapanda. Binti yake Elinami yumo kwenye kigari cha kwanza."

Tulikula. Makande yalikuwa ya moto na matamu, na Nakijwa akafungua kijikaratasi cha pilipili. "Nimechuma mbichi, Bwana Kajiru, najua huwezi kali."

Nilizitazama. Mbichi, kweli. Nikatafuna yangu.

Bwana Kajiru aliuma moja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Mama Elinami! Mbichi gani hizi? Zimeiva nyekundu zote mpaka zimekunjamana!"

Nakijwa aliinua moja, akaigeuza mbele ya miwani, akacheka. "Basi leo furaha imenipofusha."

Wote wawili wakacheka. Mimi nilibaki na kijiko hewani.

Sasa niseme nisilowahi kumwambia mtu isipokuwa Nanzia. Mimi nyekundu siioni. Naambiwa ipo. Kwangu pilipili mbichi na iliyoiva ni ndugu pacha. Ndiyo maana nachaguliwa tai. Sheria inataka fundi wa lenzi awe na macho yanayotambua rangi, na wana kitabu cha kupimia chenye madoa madoa ambamo mwenye macho mazima huona namba. Miaka ishirini na tisa iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya leseni, niliwasikiliza walionitangulia nikakariri majibu, ukurasa kwa ukurasa.

Na siku tatu nzima nilikuwa nimeufundisha utomvu ule kwamba nyekundu ni kitu kisichojaliwa. Namba ilijirekebisha ilipofika kwa Nakijwa. Tabia ilibaki yangu.

Waliondoka saa nane wakiwa bado wanacheka. Nami niliwaacha waondoke.

4

Nilikaa. Naona aibu kuandika kwamba nilikaa karibu saa mbili nzima, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilijiambia waya wa kebo ni mpya, una miezi minne tu. Nilijiambia uzi ule hautachungulia kabla ya miaka kumi, na kabla ya hapo nitakuwa nimeagiza jozi nyingine, nitabadilisha kimya kimya, nitasema ni huduma ya bure. Nikisema leo, mama huyu anarudi ghalani kupapasa tangawizi. Mimi nafungiwa mlango alioufungua baba yangu. Na wajawazito wanarudi kwenye machela, kwa kuwa nafasi ni moja na mlinzi ni mmoja. Unaona nilivyokuwa mwerevu? Kila sababu niliivalisha nguo nzuri.

Kisha nikakumbuka mkwaruzo. Nani aliuona? Jicho langu, lililo ndani ya miwani yake. Jicho langu ndilo lililowaonyesha mahali pa hatari, na jicho hilo hilo lingemnyima kuona hatari yenyewe ikitokea pale pale. Nikatazama maandishi ya mzee ukutani. Mwalimu yule alianguka kwa sababu baba hakujua. Mimi najua.

Nikatoka mbio. Nina miaka hamsini na tatu na magoti ya fundi wa kukaa, lakini nilikimbia barabara nzima ya soko, watu wakiniuliza kuna msiba wapi.

Saa kumi na dakika nane niliingia chumba cha dirisha. Nje kebo ilikuwa inaimba, bendera zimefungwa, na kigari cha kwanza kilikuwa tayari juu ya mashamba ya katani, kidogo kama kikopo. Nakijwa alikaa wima kwenye kiti chake, uso umetulia kwa furaha.

"Fundi! Umekuja kuona kazi ya mikono yako?"

"Vua miwani."

"Nini?"

"Nilizivaa kabla yako, mama Elinami. Karatasi ilikataza, nikavaa. Mimi nyekundu siioni tangu kuzaliwa, na sasa na wewe huioni. Zile pilipili hazikuwa furaha. Zilikuwa mimi."

Uso wake ulipita mahali pengi kwa muda mfupi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyonichoma kuliko matusi, "Mwanangu yuko juu ya waya, Mbonea."

"Najua."

"Nikivua sioni hata mkono wangu!"

"Utaona. Nisikilize, hii ndiyo kazi yangu. Mtu wa hasi tisa bila miwani haoni mbali, lakini kwa karibu, kiasi cha kidole kirefu hivi mbele ya pua, anaona vizuri kuliko mtu yeyote. Waya unapita wapi?"

Akageuka. Dirisha lilikuwa na kioo kinene cha kinga, na nyuma yake, si zaidi ya upana wa kiganja, kebo ilikuwa inapita.

"Punguza mwendo," nikasema. "Weka pua kwenye kioo."

Alivuta mpini nusu. Wimbo wa kebo ukashuka, na papo hapo kipaza sauti kikakoroma: "Mama Elinami, kuna nini? Mbona tunatambaa?" Ilikuwa sauti ya Bwana Kajiru. Nakijwa alivua miwani akaniwekea mkononi, akaegemea mpaka pua yake ikabonyea kwenye kioo.

"Kijivu," alisema. "Kijivu. Kijivu. Mafuta. Kijivu."

Mita zilikuwa zikisomeka kwenye kibao juu yetu. Elfu moja na tisini. Elfu moja mia moja na kumi. Mia moja na thelathini. Nami nilitazama waya ule ule kwa macho yangu mazuri ya kutafuta makosa, nikaona mkwaruzo unakuja, mrefu kuliko walivyosema, umefunguka midomo. Ndani ya midomo hiyo sikuona chochote. Nyaya za kijivu, na uzi wa kijivu.

"Kuna—" alisema Nakijwa, na mkono wake ukawa umeshashuka.

Breki ililia mji mzima ukasikia. Kigari kilibembea juu ya katani mara tatu, mara nne, kikatulia.

"Mwekundu," alisema, pua bado kwenye kioo, machozi yakitiririka juu yake. "Mwekundu, mwekundu, mwekundu! Fundi, uko hapa hapa, umetoka nje kabisa! Huuoni?"

"Siuoni," nikasema. Nikakaa sakafuni.

Iliwachukua dakika hamsini kukishusha kigari kwa winchi ya akiba, polepole, kama mtu anayeshusha mtungi kichwani. Watu kumi na wawili walitoka. Elinami alitoka wa mwisho, akimshikilia bibi mmoja aliyekuwa anaimba tenzi. Mama yake aliwatambua wote kwa sauti, kwa kuwa miwani ilikuwa bado mkononi mwangu, na alipomfikia bintiye alimshika mashavu akamvuta karibu, karibu kabisa, kiasi cha kidole kirefu, ili amuone.

Mimi alinipa mgongo, akaondoka na bintiye. Nilistahili.

5

Wiki tatu baadaye kebo ilikuwa na waya mpya, na Nakijwa alikuja karakanani akiwa na pakiti ndogo chini ya kwapa. Mlango wangu ulikuwa umebandikwa karatasi ya kusimamishwa kazi mpaka kamati ya leseni ikae, na kamati ilikuwa inakaa wiki hiyo hiyo.

"Nimeagiza mwenyewe," alisema. "Nimekuja kwako kwa sababu sijui kuzipachika kwenye fremu, siyo kwa sababu nimekusamehe."

"Nimeelewa."

"Nikikusamehe nitakuambia."

Aliikata pakiti. Zilipotokea zile lenzi, wazi, hazina namba, hazijui lolote la dunia hii, mkono wangu ulinyooka wenyewe kuelekea usoni pangu. Miaka thelathini na tano ya kazi! Sikuuamuru.

Akanipiga kofi mkononi, *pa!*, kama mtu anavyompiga paka aliyesogelea nyama.

"Toa!"

"Samahani, mama. Ni mazoea."

Akanitazama kwa muda kwa macho yake yasiyoona, kisha mdomo ukamcheza, akashindwa kujizuia, akacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilizipachika kwa koleo, nimezishika kingo tu, nikipima vivuli vyake ukutani badala ya kuzileta usoni pangu. Akavaa, akatoka nje taratibu ameshika ukuta, kuanza siku zake tatu.

Siku ya nne tulikuwa wote mbele ya kamati. Bwana Kajiru alisema yake, akinitetea zaidi ya nilivyostahili. Mimi nilisema yangu yote, foleni na majibu ya kukariri, bila kuficha hata moja. Mwenyekiti akauliza kama kuna ushahidi, au ni maneno tu ya mtu mwenye majuto. Daktari wa macho akatoa kitabu kile kile cha madoa madoa, akakiinua ili kila mtu ukumbini aone.

Ukurasa wa tatu. Jibu lake lilikuwa mdomoni mwangu miaka ishirini na tisa, limekaa tayari. Ningelitamka, na leseni yangu ingebaki kwenye ukuta wa baba yangu. Nani angeweza kubishana na kitabu? Nyuma yangu niliisikia benchi ikilia, mtu ameinama mbele ili aone vizuri.

"Unaona namba gani, fundi Mbonea?"

"Hakuna namba," nikasema. "Naona madoa tu."

Nilijiona mwepesi ghafla, mwepesi kabisa, nikataka kucheka mbele za watu wazima.

"Sabini na nne!" akapaza sauti Nakijwa kutoka nyuma, bila kuulizwa na mtu. "Ni sabini na nne, fundi, na ni nyekundu!"